Jina la Mnong'onezi

Kazi ya Evžen Skoupil ilikuwa kusikiwa na mtu mmoja na kutosikiwa na mia nne. Alikuwa mnong'onezi katika jumba la tamthilia la mji mdogo wa Moravia, kando ya mto Bečva. Kwa miaka thelathini na moja aliketi ndani ya shimo lililochimbwa mbele ya jukwaa, kichwa usawa wa viatu vya waigizaji, daftari la mchezo magotini. Mwigizaji akisahau neno, Evžen alimrushia, na mwigizaji akilidaka alipigiwa makofi. Mnong'onezi hapigiwi makofi. Ikitokea watazamaji wamemsikia, basi siku hiyo kaharibu kazi.

Hakuoa. Alikaa chumba kimoja juu ya duka la mikate, akavaa koti lile lile la kahawia, akafuga mafua yasiyoisha kwa sababu ya upepo wa chini ya jukwaa. Waigizaji walimtania kwamba akifa watamzika humo humo shimoni kuokoa gharama, naye alicheka nao. Mtu wa namna hiyo kila mji unaye, na kila mji humsahau kabla hajafa.

Rafiki yake alikuwa mmoja tu, Ctirad Hanzal, mwandishi. Huyo alijulikana. Vitabu vyake vilisomwa mpaka Praha, na tamthilia zake nne zilipochezwa katika jumba lile, watu walipanga foleni mpaka kwenye chemchemi ya uwanjani. Halafu vifaru vya wageni vikaja, Agosti 1968. Ctirad akasema hadharani kile ambacho kila mtu alikuwa akikisema jikoni kwake, na miaka miwili baadaye jina lake likafutwa. Wala si kwa fumbo, lilifutwa kweli. Mtu alipita maktaba na sanduku akaviondoa vitabu vyake rafuni. Kwenye ukumbi wa kuingilia wa jumba la tamthilia picha za michezo yake zilishushwa, zikabaki alama nne nyeupe ukutani. Mwandishi akapewa koleo. Alipata kazi ya kuchochea moto katika tanuri la hospitali, na akaambiwa ashukuru.

Marafiki wa foleni walianza kuvuka barabara wakimwona. Ajabu jinsi watu wa mji ule walivyopata shughuli nyingi upande wa pili.

Evžen hakuvuka. Kila Jumatatu asubuhi, siku ambayo jumba la tamthilia hupumzika, alishuka ngazi za chumba cha tanuri na jagi la bia lililofunikwa kwa sahani. Wakanywa, wakaangalia makaa ya mawe yakiiva, wakawasengenya waigizaji. Jumatatu moja ya mwaka 1972 Ctirad alimpa bunda la karatasi lililofungwa kwa kamba.

"Nini hii?"

"Mchezo wako mpya."

"Wangu? Mimi hata dada yangu simwandikii barua."

"Sasa umeandika. Soma vizuri, usije ukaulizwa ukabaki unakodoa macho."

Evžen alisoma palepale, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alicheka mara tatu, na mwishoni akatoa leso akasingizia mafua.

"Kwa nini mimi, Ctirad?"

"Kwa sababu hakuna anayekujua, bwana wee. Usinune. Tangu uzaliwe hujawahi kusema neno lako mwenyewe mbele za watu. Wakikupekua watapata nini? Mafua tu."

Jambo lenyewe halikuwa geni. Miaka ile nchi nzima ilikuwa na waandishi waliozibwa midomo, na palikuwa na watu safi waliowakopesha majina. Waliitwa waezekaji, kwa kuwa mwenzao alijibanza chini ya paa lao asinyeshewe. Mwezekaji hakupewa risiti wala hati, maana hati ndiyo ingewafunga wote wawili.

Wakapatana. Evžen achukue karatasi nyumbani, anakili yote kwa taipureta, na Jumatatu inayofuata arudishe zile zenye mwandiko wa Ctirad. Ctirad mwenyewe alizitupa tanurini, ukurasa baada ya ukurasa, huku akizisoma kwa mara ya mwisho. Malipo ya mwandishi yangeshuka ngazi pamoja na jagi la bia. Na Drahomíra, mke wa Ctirad, asijue kitu.

"Kila wiki polisi wa siri wanamwita ofisini kwao wanamhoji," Ctirad alisema. "Asichokijua hawezi kukitapika."

"Lakini anajua unaandika?"

Ctirad alichukua koleo akatia makaa ambayo hayakuhitajika. "Nimemwambia nimeweka kalamu chini. Nimemwambia hawa wakubwa sitawaandikia hata mstari mmoja mpaka nife. Akafurahi, Evžen. Alinibusu mkono huu, na masizi yake. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Evžen hakuwa na mke, hakujua angefanyaje.

"Ila jambo moja," Ctirad akaongeza. "Dunia ikigeuka, au nikifa, lolote litakalotangulia, utanirudishia jina langu. Michezo hii ni yangu. Niahidi."

"Nakuahidi."

Ahadi hutoka mdomoni kirahisi, maana mdomo hauna mizigo ya kubeba. Evžen aliibeba hiyo moja miaka kumi na tisa.

Mchezo uliitwa Kokwa Kumi na Saba. Mkurugenzi wa jumba, Ndugu Řehák, aliupokea kwa mikono miwili. Alikuwa akitafuta kichekesho cha familia kisichomchokoza mtu wa Chama tawala, na hapa alikuwa nacho, kimeandikwa na mfanyakazi mwenyewe, mtoto wa fundi viatu. Ctirad alikuwa amemtia humo mwenyekiti wa shamba la ushirika mwenye roho nzuri, ili wakubwa wapate cha kutafuna. Wakatafuna. Usiku wa kwanza watu walipiga kelele wakimtaka mwandishi, na waigizaji wawili wakamvuta Evžen kutoka shimoni kwa makwapa. Akasimama jukwaani na vumbi la mbao mabegani, akainama mbele ya watu mia nne kwa maneno yasiyo yake.

Jumatatu Ctirad alitaka kusikia kila kitu. Walicheka wapi? Walikohoa wapi? Yule mama aliyecheza mkwe, alisubiri kicheko kiishe au alikikanyaga? Hakuweza kwenda mwenyewe. Drahomíra alikuwa ameapa kwamba mguu wa mtu wa nyumba yao hautakanyaga tena jumba lile. Kwa hiyo Evžen alimnong'onezea mchezo wote, kicheko kwa kicheko, na mwandishi akawa mtazamaji mbele ya tanuri. Mpaka leo inauma kulifikiria.

Walitoa michezo sita kwa miaka kumi na miwili. Jina la Skoupil likapanda kwenye mabango. Gazeti la wilaya likamwita mwandishi wa tamthilia, akapewa kadi ya chama cha waandishi, na ukutani, juu ya zile alama nne nyeupe, zikatundikwa picha za michezo yake. Yeye aliendelea kushuka shimoni kila usiku wa mchezo. Watu wakasema hana makuu.

Wahenga wanasema jina jema hung'ara gizani. Mng'aro huo ndio uliomponza. Majira ya baridi ya 1977, waandishi na wasanii wa nchi nzima waliitwa kutia sahihi karatasi ya kuwalaani wasaliti. Wasaliti wenyewe ni watu waliokuwa wameandika barua kuiomba serikali ifuate sheria zake yenyewe, na Ctirad, mchochea moto, alikuwa mmoja wao. Katika jumba la tamthilia waliitwa waigizaji, mkurugenzi na mwandishi. Maseremala hawakuitwa. Bibi Vlasta wa chumba cha makoti hakuitwa, akakaa na sindano zake za kufuma akimcheka Evžen aliyekuwa akizungukazunguka pale.

"Pole, Bwana Mwandishi. Sisi wa makoti chuki zetu hawazihitaji."

"Mimi ni mnong'onezi, Vlasta."

"Ulikuwa mnong'onezi. Mnong'onezi nani angemwita? Umejipandisha mwenyewe, sasa panda."

Ndivyo ilivyokuwa. Kama asingalimkopesha Ctirad jina, asingaliitwa kumlaani. Jumatatu alishuka ngazi bila bia.

"Sitatia," alisema. "Niache nifukuzwe. Nitachota makaa pamoja nawe."

Ctirad aliegemea koleo. Alikuwa amekonda, na kifua kilikuwa kimeanza kulia. "Ukikataa, michezo mitatu inashushwa kesho asubuhi. Na ule wa nne niliomaliza juzi utafia hapa." Akaonyesha tanuri. "Wewe ni paa langu, Evžen. Paa likitobolewa anayelowa ni mimi. Tia."

"Na shemeji akisoma gazetini?"

"Nitamweleza mwenyewe siku ikifika."

Evžen alitia sahihi. Mkono haukutetemeka, akauchukia kwa hilo. Gazeti likachapa majina, na miongoni mwao: Evžen Skoupil, mwandishi wa tamthilia.

Siku ya kumweleza Drahomíra haikufika. Ctirad alikufa mwaka 1984, mapafu yamejaa vumbi la makaa. Baada ya maziko Evžen alimfuata mjane kwenye kijia cha changarawe, kofia mkononi.

"Shemeji, pole sana."

Drahomíra alikuwa mwanamke mrefu, na huzuni haikuwa imempinda. Aliangalia mkono ulionyoshwa kama mtu anayeangalia kitu kilichoangushwa na ndege.

"Shemeji yako nani? Mkono huo si ndio uliotia sahihi? Ukaoshe kwanza." Akamshika binti yake Blanka bega, wakaondoka.

Evžen alirudisha kofia kichwani. Jibu lingewapeleka wote gerezani, na marehemu alikuwa bado na michezo sita jukwaani.

Kisha dunia ikageuka kweli. Novemba 1989 watu walijaa viwanjani wakitikisa funguo zao kuwaambia watawala waondoke, na Krismasi ilipofika waliokuwa juu walikuwa chini. Watu walewale waliovuka barabara wakaanza kukumbuka jinsi walivyompenda Ctirad Hanzal. Mmoja alikumbuka kwamba alikuwa akimpelekea bia. Jumba la tamthilia lilipata mkurugenzi mpya, Radovan Pešl, kijana mwenye ndevu aliyetoka Brno. Jambo lake la pili la kazi lilikuwa kuliziba shimo la mnong'onezi kwa mbao, kwa sababu siku hizi waigizaji hujifunza maneno yao. La kwanza lilikuwa kuishusha michezo ya Skoupil.

"Nimeisoma, Bwana Skoupil," alimwambia ofisini kwake. "Si mibaya. Lakini siwezi kumweka mtia sahihi kwenye bango, watu watanipiga mayai."

"Si yangu," Evžen alisema. "Ni ya Hanzal, yote sita. Mimi nilikuwa paa tu."

Radovan alimtazama kwa huruma, na huruma ile ilikuwa mbaya kuliko tusi. "Wiki hii wewe ni wa tatu. Kila aliyetia sahihi alikuwa akimficha mtu darini. Una karatasi? Mwandiko wake? Barua?"

"Alizichoma mwenyewe."

"Alizichoma mwenyewe," Radovan alirudia. "Shahidi je?"

Shahidi hakuwapo. Palikuwa na mtu mmoja tu ambaye angesema 'nasadiki' na mji mzima ukasadiki baada yake. Evžen alinunua kola mpya. Jumamosi moja mwishoni mwa Agosti 1990 akaenda kugonga mlango wa Drahomíra.

Nyumba ilinukia siagi. Mjane alikuwa jikoni akitengeneza matonge ya plamu, sinia limejaa duara za unga. Alimwacha asimame.

"Sema haraka. Maji yanachemka."

Evžen alisema. Alieleza tanuri, Jumatatu, taipureta, jagi la bia, ahadi. Drahomíra aliendelea kufunga plamu ndani ya unga, moja baada ya nyingine, bila kuinua macho.

"Umemaliza? Wewe una moyo. Umemlaani akiwa hai, sasa unamvalisha vichekesho vyako akiwa kaburini. Unataka kumrudishia jina lake, Skoupil, au unataka kuvua lako?"

"Yote mawili," alisema Evžen. Hakuwa mwongo, na huo ulikuwa udhaifu wake siku zote.

"Angalau umekiri. Mlango ule pale."

Evžen hakwenda mlangoni. Alikuwa akiangalia sinia. Akafumba macho na kufanya kitu pekee alichokijua duniani, akaanza kunong'ona. Alinong'ona sehemu ya pili ya mchezo wa kwanza. Kijana na mkewe mja mzito wako mezani kwa mama mkwe. Wanakula matonge ya plamu, na kokwa hupangwa ukingoni mwa sahani kama kawaida, mlafi apate kuchekwa. Mke amekula kumi na saba. Mama mkwe anageukia dirishani kumfokea mbwa, na kijana anahamisha kokwa nane za mkewe kwenye sahani yake, kimya kimya. Tangu siku hiyo anaitwa mlafi na ukoo mzima. Baadaye, kwenye ujia, mke anamuuliza: "Zile nane, ni zako kweli?"

Hapo Evžen alinyamaza kidogo, ilivyo desturi ya mnong'onezi anayempa mwigizaji nafasi ya kukumbuka mwenyewe.

"Tangu leo ni zangu," alisema Drahomíra.

Tonge lilikuwa limepasuka mkononi mwake, na maji ya plamu yakamchirizikia mpaka kiwikoni. Akakaa. Maji yalichemka yakamwagika jikoni na hakuna aliyeinuka.

"Ilikuwa kwa mama yangu," alisema baadaye. "Mwaka hamsini na moja, nina mimba ya Blanka. Sikumwambia mtu yeyote. Hata Blanka hajui." Akajifuta kwa aproni. "Watu walicheka?"

"Walicheka. Na kwenye ujia walinyamaza. Kila usiku, walinyamaza."

"Na mimi sikuwapo hata usiku mmoja."

"Hukuwapo, shemeji."

Safari hii hakumkemea. Evžen alihisi mzigo unamtoka mabegani. Alianza kusema kuhusu Radovan, kuhusu bango jipya, jina la Ctirad kwa herufi kubwa. Drahomíra aliinua mkono.

"Nimekusadiki. Ndiyo maana nakuomba unyamaze."

"Kunyamaza?"

"Sikiliza. Blanka alikuwa wa kwanza darasani, na chuo kikuu walimfungia mlango. Mwanangu huyo amefunga chupa kiwandani miaka kumi na tano. Mimi nimesugua ngazi za watu. Tulivumilia kwa sababu moja tu, kwamba baba hakuwaandikia hata mstari mmoja. Kila Blanka alipolia, nilimwambia hivyo. Kitabu chake juu ya baba yake kinatoka Praha mwakani, na ndivyo kilivyoandikwa mwanzoni kabisa. Leo nimwambie nini? Kwamba baba yako alikuwa akiwaandikia mwenyekiti wa ushirika mwenye roho nzuri, nao wakampigia makofi?"

"Ni michezo mizuri, shemeji. Ndiyo kazi yake bora kuliko zote."

"Najua. Nimesikia kipande kimoja tu, najua." Sauti yake ilivunjika, kisha akaiunga. "Alinidanganya miaka kumi na miwili, yule mpumbavu, na mimi nikambusu mkono. Mwache abaki alivyobaki. Hawa wengine nimewavumilia wote, nawe nivumilie mimi."

Evžen alizungusha kofia mkononi. Alifikiria ahadi, na ndoo iliyopinduliwa, na mbao zilizopigiliwa juu ya shimo lake. Aliyemwahidi alikuwa kaburini. Aliyekuwa akimwomba alikuwa hapa, na plamu mkononi.

"Hiyo sita, basi," alisema polepole, "tangu leo ni yangu."

Drahomíra hakusema asante. Alimpakulia matonge kwenye sahani, yenye jibini nyeupe na siagi ya moto, akakaa mbele yake mpaka akayamaliza. Evžen alizipanga kokwa ukingoni. Hakuna aliyezihesabu.

Septemba 1991 walibandika bamba la shaba kwenye nyumba ya Ctirad. Meya alikuwapo, waandishi kutoka Praha, Radovan Pešl na ndevu zake, na bendi ya wazima moto. Evžen alisimama mbele kushoto, karibu na ukuta, pale ambapo mtu haonekani. Kikohozi cha shimoni kilikuwa kimemzeesha. Waliomtambua walimwachia nafasi kubwa kuliko aliyohitaji.

Drahomíra alitakiwa aseme maneno machache. Alimshukuru meya. Alisema mumewe alizaliwa katika nyumba hii na alipenda bustani yake. Kisha akasema: "Na tangu mwaka sabini na moja mpaka siku ya kufa kwake, mume wangu..."

Akakwama. Midomo ilifunguka, neno halikutoka. Blanka, aliyekuwa pembeni yake, akamshika mkono akidhani ni kilio. Watu walisubiri. Macho ya mjane yalipita juu ya meya na waandishi, yakatafuta, yakamkuta Evžen ukutani. Aliyajua macho yale. Kwa miaka thelathini na moja aliyaona kila usiku kutoka chini, macho ya mtu aliyesimama kwenye mwanga na maneno yamemkimbia.

"Hakuandika," Evžen alinong'ona.

"Hakuandika hata mstari mmoja," alisema Drahomíra.

Makofi yakalipuka. Radovan Pešl, aliyekuwa hatua mbili kutoka ukutani, aligeuka na kumtazama Evžen kuanzia viatuni mpaka kwenye kola.

"Mzee," alisema kwa sauti ya chini, "wewe kati ya watu wote, leo ungenyamaza."

Evžen aliitika kwa kichwa. Watu walikuwa wamemsikia, basi alikuwa ameharibu kazi. Alivaa kofia yake akaenda nyumbani kwa miguu, mitaa ikiwa mitupu, na hakuna aliyehitaji kuvuka barabara.